Uso wa Mamamkwe Baada ya Adhuhuri

Niliolewa Ngamiani nikitokea Tongoni, katika miaka ya hamsini, wakati katani ilikuwa bado na bei nzuri na kila mwenye nyumba Tanga alikuwa na mpangaji. Mume wangu alifanya kazi karakana ya reli. Baba yake alikuwa amekwisha kufa. Nyumba ilikuwa ya mama yake, na habari ninazotaka kueleza ni za huyo mama.

Alikuwa mwanamke mrefu, maji ya kunde, mkavu wa maneno. Mtaani alijulikana kwa kusoma maulidi. Pakiwa na arusi au akika, wanawake walimwendea yeye kwanza, ndipo wakapanga siku. Asubuhi alisomesha wasichana Kurani hapo hapo ukumbini. Mimi kwetu nilisikia sifa za sauti yake kabla sijasikia habari za mwanawe.

Jambo la kwanza nililoliona kwake ni kwamba hacheki. Siku niliyotolewa nje baada ya fungate ilikuwa alasiri. Nilimwendea, nikamshika mkono, nikampa shikamoo. Alinijibu marahaba, akaniuliza hali, akaniombea dua. Maneno yote yalikuwa mazuri, ila uso haukufuatana nayo. Mdomo wa juu ulivutika kidogo, meno yakaonekana, akawa kama mtu aliyenusa kitu kibaya. Kope zilikuwa zimeshuka hadi nusu ya mboni. Hakunitazama machoni, alitazama pembeni yangu. Nilirudi chumbani nikamwambia mume wangu kwamba mama yake hakunipenda. Yeye akasema ndivyo alivyo siku hizi, tangu mzee alipofariki, na kwamba nitazoea.

Sikuzoea. Nilikuwa nikipika chakula cha mchana, nami kwetu nilijulikana kwa kupika. Mamamkwe alianza kula vizuri, akatafuna tonge mbili tatu, kisha mwendo ukapungua. Aliweka kiganja chini ya kidevu kama mtu aliyezama katika mawazo, na kwa kile kiganja akawa anakisukuma kidevu juu ili meno yakutane. Baada ya hapo aliisogeza sahani.

"Nyama yako ngumu, mwanangu," aliniambia siku moja.

Haikuwa ngumu. Ilikuwa ikiachana na mfupa kwa kuguswa na kijiko. Usiku niliifunika, na kulipokucha nilikuta sufuria imebaki mifupa mitupu. Nilidhani paka. Kumbe mamamkwe ameila yote na mkate wa boflo, ikiwa baridi, baada ya sala ya alfajiri. Alikuwa amesimama mlangoni anafuta mdomo, na aliponiona akaniambia mchuzi wangu umekolea.

Tangu siku hiyo nikaanza kumwangalia. Nilikuwa mgeni mtaani, sina shoga, na kazi za nyumba ya watu watatu huisha mapema. Niliona kwamba katika mwili mmoja mna watu wawili. Wa asubuhi alikuwa na macho makubwa, sauti yake ilitoka ukumbini ikafika barabarani, na akiwa jikoni aliweza kumsahihisha msichana aliyekosea irabu chumba cha pili. Adhuhuri ikiadhiniwa, kope la kushoto lilikuwa limeanza kulegea. Alasiri zilikuwa zimelegea zote mbili. Ili akuone, alilazimika kuinua uso na kukutazama chini ya kope, na mtu anayekutazama hivyo unamwona ana kiburi. Majirani walikuwa wakisema hivyo hivyo, kwamba mjane amepata mkazamwana wa kumpikia, sasa anajiona. Akitaka kutunga uzi katika sindano, aliinua kope kwa kidole, na mimi nikamtungia. Alipolala kidogo mchana, aliamka na nusu ya nguvu zake. Baada ya muda zikaondoka tena.

Nilimweleza mume wangu. Alinisikiliza, akasema kila mtu huchoka jioni.

Kisha ikaja akika ya mjukuu wa jirani. Maulidi yalisomwa baada ya alasiri, nami nilikaa nyuma yake kwenye mkeka. Mlango wa kwanza wa kitabu aliusoma kama nilivyosikia sifa zake. Katikati ya mlango wa pili sauti ikaanza kutokea puani. Herufi zikaanza kushikana, mim ikawa kama ba, na pale pa kuvuta pumzi akawa anaimeza. Wanawake walitazamana. Msichana mmoja alicheka, mama yake akamfinya. Mamamkwe alisoma mpaka mwisho wa ule mlango, na kwa kweli mwisho wake hakuna aliyeusikia, akafunga kitabu, akampa mwanamke aliyekaa kulia kwake. Alibaki pale mpaka halua ikagawiwa. Tulipofika nyumbani alinituma nikawaambie wazazi wa wanafunzi kwamba darasa limesimama mpaka atakapowaarifu.

Baada ya hapo ndugu wakaanza kuja. Kaka yake alikuja kutoka upande wa Pangani, naye hakuwa na shaka kwamba ni pepo. Mwanamke aliyekuwa na sauti ile, alisema, haikosi kuna jicho la mtu au kuna kitu kilichoipenda. Mamamkwe mwenyewe hakukubali wala hakukataa. Nadhani alikuwa amechoka kuulizwa. Basi akaletwa mganga kutoka upande wa Horohoro, mwanamke wa Kidigo wa makamo, mwenye sifa ya kupunga pepo. Ngoma ikapigwa uani kuanzia asubuhi, ubani ukafukizwa, mamamkwe akavishwa kaniki na kuketishwa juu ya kigoda.

Mwanzo alicheza. Alisimama, akafuata ngoma kwa mabega, na kaka yake akanong'ona kwamba sasa kinapanda. Jua lilipopanda, mikono ikaanza kuanguka. Aliiinua, ikashuka. Shingo nayo ikaacha kukishika kichwa, kikawa kinalala kifuani, na mwanamke mmoja akawa anakishika kwa nyuma. Mganga aliwaashiria wapigaji wanyamaze. Alichuchumaa mbele ya mamamkwe, akamwangalia muda mrefu, akamwinua kope kwa dole gumba, akaliachia, likaanguka.

"Pepo hachoki," alisema. "Pepo akipanda, mwenye mwili hupata nguvu ambazo si zake. Huyu tunampigia na anazidi kuisha. Hii si kazi yangu. Mpelekeni hospitali."

Kaka alisema mganga huyu ni mdogo wa kazi, atafutwe mwingine. Walibishana uani mbele ya mume wangu. Mimi nilimletea mamamkwe maji. Alikunywa funda moja, na lile funda likarudi kupitia puani, akapaliwa, akawa anatafuta pumzi na mikono haina nguvu hata ya kushika kifua chake. Mume wangu aliona. Alitoka bila kumuaga mtu, akarudi na gari ya teksi.

Daktari aliyetupokea alikuwa Mhindi aliyezaliwa Unguja, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Alikuwa mtu wa polepole. Hakuanza na kifua wala damu, alianza na maswali, na maswali mengi aliniuliza mimi kwa sababu mamamkwe alikuwa haeleweki tena. Nilimweleza habari ya nyama na boflo, na ya kope la kushoto kutangulia. Aliniuliza kama kuna siku yoyote amekuwa mbaya asubuhi na mzuri jioni. Nilimwambia hapana, hata moja. Akaitikia kwa kichwa, akaamuru apewe kitanda na apumzike.

Kulipokucha alikuja kumpima. Mamamkwe alikuwa ameamka na uso wa asubuhi, ana haya, amejifunika ushungi mpaka kidevuni. Daktari alimwambia atazame dari bila kupepesa. Tulitazama kope zikishuka, taratibu, kama pazia ambalo kamba yake inalegezwa. Kisha akamwambia asome kitu anachokijua kwa ghaibu. Mamamkwe akaanza Yasini. Daktari hakumkatiza. Ilianza wazi, wagonjwa wa vitanda vya karibu wakageuka. Aya zilivyokwenda, sauti ikaingia puani, halafu ikawa mnong'ono, halafu midomo ikawa inacheza peke yake.

Nesi, mwanamke wa Kibondei kutoka Muheza, alikuwa amekwisha kuchemsha sindano. Alimchoma mkononi. Daktari alivuta kiti akakaa, akaniambia na mimi nikae. Akaulizia Tongoni, kama yale magofu ya kale ya huko bado yanaangukiwa na miti. Nilikuwa namjibu huku natazama kitandani. Haikupita hata muda wa kumaliza kikombe cha chai, kope la kulia likapanda, na la kushoto likafuata. Mamamkwe alifumba mdomo, akaufumbua, akameza mate. Akageuza shingo kunielekea, na shingo ikakishika kichwa.

Akacheka. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona kicheko chake, kimejaa uso mzima. Alinitazama machoni.

"Kumbe uko mmoja," alisema. "Jioni nilikuwa nakuona wawili. Nikawa sijui nimtazame yupi."

Nililia, na nesi akanipa kitambaa. Mamamkwe aliomba mkate. Alipewa kipande chenye ganda gumu, akakitafuna chote mbele yetu, bila mkono kidevuni, akitafuna kwa makusudi kama anayetaka kuhesabiwa kila tafuno. Kisha tumbo likaanza kumkata na mate kumjaa mdomoni, na daktari akasema hiyo ni dawa vilevile, ipo ya kutuliza. Tulikaa naye. Adhuhuri ilipokaribia, tuliona kope la kushoto likianza upya. Daktari alikuwa ametuonya kwamba nguvu ya sindano huisha, lakini kuonywa si sawa na kuona. Mamamkwe alijua. Alinyoosha mkono akanishika kiganja changu, akaendelea kuzungumza haraka haraka juu ya mambo ya nyumbani, nani anadaiwa juzuu, nani aambiwe arudi darasani, mpaka maneno yakakataa kutoka.

Kabla hatujaruhusiwa kuondoka, daktari alitueleza mimi na mume wangu kwa namna alivyoona tutaelewa. Alisema mshipa wa fahamu hautii mkono wake katika nyama ya mwili, unaishia karibu yake. Ukitaka nyama ivute, unatema kitone cha dawa yake wenyewe, na kile kitone kinavuka. Upande wa pili kinafanya kazi, na mara moja kinafutwa na kitu kingine cha mwilini ambacho kazi yake ni kufuta. Kwa mamamkwe ujumbe ulikuwa haupokewi sawasawa. Sindano ilimzuia yule mfutaji, ili kitone kikae zaidi na kipate bahati ya kusikika. Mume wangu aliuliza kwa nini haupokewi. Daktari alisema hajui, na hakuna ajuaye, wapo wanaodhani hivi na wapo wanaodhani vile. Alitupa vidonge vya dawa ile ile.

Jibu la swali la mume wangu nililipata miaka mingi baadaye, yeye akiwa mzee na mimi nikiwa muuguzi niliyerudi darasani kuongeza masomo. Mwalimu alituchorea ubaoni mwisho wa neva, upenyo mwembamba, na utando wa seli upande wa pili. Juu ya ule utando alichora vitu vingi vidogo vilivyokaa wima kama miswaki katika kikombe. Alisema hizo ni protini, zinaitwa vipokezi, na kila kimoja kina mahali ambapo kitone kile hukaa, na kikikaa mlango hufunguka na seli huamka. Ubongoni pia ni hivyo, alisema, kila wazo na kila kumbukumbu hupita katika penyo za namna hiyo, ingawa vipokezi vyake ni vya aina nyingi na tofauti. Kisha akaeleza kwamba upo ugonjwa ambao askari wa mwili wenyewe huvigeukia vipokezi vya nyama, huviziba na kuvivunja, mpaka vinabaki vichache. Mtu akiwa amepumzika, vitone huwa vingi na hivyo vichache hutosha. Akiutumia mwili, vitone hupungua, na hivyo vichache havitoshi tena. Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa nakumbuka sufuria ya mifupa mitupu asubuhi. Nilimuuliza mwalimu kama kope hutangulia. Alisema aghalabu hutangulia.

Lakini wakati ule tulikuwa na vidonge tu. Nyumba ikajipanga upya kuvizunguka. Mamamkwe alimeza kimoja kabla ya chakula, nami nikajifunza kutopakua mpaka nione kope zimepanda. Akimeza mapema mno, chakula humkuta dawa inaondoka. Akizidisha, tumbo na mate na jasho, na udhaifu ule ule kurudi kwa mlango mwingine. Alikuwa mtu wa nidhamu, na nidhamu ilimfaa. Darasa likafunguliwa.

Ramadhani ilileta shida ambayo daktari hakuifikiria. Mamamkwe alisema atafunga. Hakuwahi kula mchana wa Ramadhani tangu alipovunja ungo, isipokuwa kwa sababu za wanawake. Mume wangu alimwita sheikh wa msikiti wetu, akaja, akakaa barazani, akamsomea aya inayomruhusu mgonjwa. Mamamkwe alimjibu kwamba aya hiyo yeye ndiye anayewasomesha wasichana na anaijua tafsiri yake. Siku ya kwanza alifunga bila vidonge. Jioni ilipofika hakuweza kumeza tende. Tende ilikaa mdomoni, nikaitoa kwa kidole changu, nikamlalisha ubavu ili mate yasimwingie kifuani. Tulimsagia kidonge katika maji, tukamtia kwa kijiko, matone machache kila mara, mpaka kikashuka.

Kesho yake alinituma nikanunue mchele. Alisema atatoa fidia, alishe maskini kwa kila siku, na kwamba mchele uwe mzuri na mimi nipike mwenyewe. Tulipika mwezi mzima. Yeye alikula mchana chumbani, mlango umefungwa, kama mtu anayeiba, na mimi niliyekuwa nimefunga ndiye niliyempakulia. Sikumwona akilalamika. Ila sikukuu ilipofika, wageni walipokuwa wakipeana heri ya funga zao, aliondoka ukumbini akaenda kukaa jikoni.

Wakati mwingine vidonge vilikosekana Tanga, ikabidi mume wangu aombe ruhusa kazini apande basi kwenda Mombasa kwa mtu wa dawa aliyejulikana na daktari. Mara moja, wakati wa masika, basi lilikwama njiani kabla ya Horohoro na akachelewa kurudi. Kwa muda huo mamamkwe aligawa vidonge vilivyobaki kwa kisu. Alichagua kula na kutosema. Tuliishi naye nyumbani kwa ishara, na wanafunzi wakaja wakasoma wenyewe, yeye akikosoa kwa kugonga kidole kwenye sakafu.

Maulidi alirudi kuyasoma. Haikuwa kama zamani. Alimeza kidonge nyumbani, akasubiri, ndipo akajitanda kanga na kutoka, na wenye shughuli waliambiwa wazi kwamba atasoma mlango mmoja na hatasoma wa pili. Wengine walikubali, wengine wakatafuta msomaji mwingine. Yeye hakumkasirikia yeyote. Msichana aliyecheka siku ile ya akika alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake. Alimchagua huyo awe anapokea kitabu, kwa sababu, alisema, ana pumzi ndefu.

Kwangu mimi mambo yalibadilika kwa namna ambayo ni shida kuieleza bila kuikuza. Hakuwa mtu wa kubembeleza, na hakuwa hivyo hata baada ya dawa. Alinikosoa upishi wangu wa wali wa nazi mpaka mwisho. Ila asubuhi, kabla ya wanafunzi kuja, aliniita tukae pamoja kwenye kizingiti cha uani, akaniambia habari za mumewe, za watoto wawili aliowazika, za safari yake ya Unguja akiwa mwari. Alisema ananiambia mapema kwa sababu mchana si wake. Nilipozaa mtoto wa kwanza, baba yake alimsomea adhana, kisha mamamkwe akampakata na kumtazama mpaka mikono ikachoka, na alipoona inachoka akaniambia nimpokee.

Alikufa baada ya miaka michache, wakati wa masika, kwa ugonjwa wa kifua ambao mwingine angeukohoa ukaisha. Yeye hakuwa na nguvu za kukohoa. Tulimpeleka hospitali, nesi yule yule wa Kibondei akatupokea. Daktari wetu alikuwa amekwisha kuhamishwa, na aliyekuwa zamu alifanya alichoweza. Waliongeza dawa, na haikutosha. Alikata roho asubuhi, mwanawe akimshika mkono na mimi nikimpangusa mdomo. Tulimzika siku ile ile kabla ya alasiri. Wanafunzi wake wa zamani walijaa nyumba, na hitima ilisomwa kwa sauti nyingi.

Baada ya siku za matanga nilikusanya vidonge vilivyobaki nikavirudisha hospitali. Nesi alivipokea, akavihamishia katika chupa ya kahawia, akabandika karatasi. Nilimuuliza kama kuna mtu mwingine mwenye ugonjwa ule. Alisema hajamwona bado, lakini wapo, wamekaa majumbani watu wakidhani ni wavivu. Tulizungumza kidogo juu ya mvua na barabara ya Muheza. Kisha aliniuliza nimesoma mpaka darasa gani, kwa sababu hospitali inatafuta wanawake wa kufundishwa, na nikamwambia nitamuuliza mume wangu.